Fungu la Ini

Bombolulu, 9 Juni 1993

Kaka Jaffar,

Shikamoo. Habari za udaktari wako zimefika, na mtaa mzima umefurahi. Hata Mwikali jirani yetu alipiga vigelegele. Mnazi wa uani tumeukata. Bomba la maji bado kavu.

Idd ya kuchinja imepita. Unamjua Mama: kila Idd ini lilichomwa kwanza, na fungu lako akalifunika kwenye sahani hadi jioni, kisha akampa Mwikali. Miaka sita ya masomo yako alifanya hivyo. Safari hii nimelichoma mimi.

Mama alifariki mwezi wa Shaaban, kaka. Alinikataza nisikwambie mpaka umalize masomo. Zile salamu zake za Ramadhani nilizitunga mimi.

Macho yake yaligeuka manjano. Daktari akasema ini limeharibika, alazwe. Akakataa. Akatoa barua yako ile ya panya wa maabara, uliyotuandikia kwamba ini likikatwa huota tena kwa siku chache. "Mwanangu ndiye ajuaye maini," akasema. "Nangoja liote." Akangoja miezi mitatu, barua iko chini ya mto.

Sikulaumu, wallahi. Lakini ungetuandikia pia yale ninyi wa maabara msiyoyajua bado.

Jioni ya Idd niliifunua sahani yako. Sikuweza kumpa Mwikali. Fungu lako nililila mwenyewe, limeshapoa, mpaka kipande cha mwisho.

Mimi nduguyo, niliyebaki nyumbani,
Salme