Mbwa Aliyekimbilia Filimbi

Kamina, Jumapili baada ya ibada

Kwako Yaya, dada yangu mkubwa, Mama Ngoie,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Mwili ni mzima, moyo ndio unaoumwa. Watoto hawajambo? Na Mama, uji unashuka au bado anautema? Barua yako nimeisoma mpaka karatasi inaachana mahali pa kukunjia. Unasema kila treni inapopiga filimbi hapo Bukama, Mama anainua kichwa, anauliza kama Ilunga amefika. Yaya, tangu siku ile napakia makaa huku nalia.

Ruhusa nimeomba mara mbili. Shefu, mkubwa wetu wa depo ya injini, akafungua kitabu chake, akasema mama si mke wala mtoto, ningoje zamu yangu mwisho wa kiangazi. Injini ninazozijaza makaa kwa mikono hii ndizo zinazofika kwenu, mimi nabaki. Nikitoka bila karatasi ya ruhusa, kazi imekwisha, na dawa za Mama zimekwisha nayo.

Sasa usinicheke: nimeuguza mbwa. Mzungu mmoja aliyekuwa akijenga kule Base, kambi ya jeshi, alirudi kwao, akamwacha na mnyororo shingoni nyuma ya nyumba tupu. Nilimkuta mbavu nje, shingo imeoza, hata kunibwekea hawezi. Nikambeba mpaka kambini kwetu watu wa reli. Jirani yangu Kasongo, fundi wa breki, akanizuia mlangoni.

"Weye Ilunga, iko na akili kweli? Unaleta maiti ku nyumba?"

"Haiyakufa," nikamjibu. "Inapumua."

Nilifanya kama Mama alivyonifanyia nilipougua surua, wewe ukinishika kichwa: supu ya samaki mkavu, unga kidogo, unampaka mdomoni kwa kidole, tone kwa tone. Nilimlisha kila nikitoka kazini saa kumi, treni inapoingia na kupiga filimbi. Nikawa namwambia yale niliyotaka kumwambia Mama: meza, meza kidogo tu. Siku ya tisa akasimama. Nililia kama mjinga, na Kasongo yule yule akamletea vichwa vya samaki.

Lakini nilikuwa nimefanya kosa. Sisi watu wa reli tunaamka kwa filimbi, tunakula kwa filimbi, sikufikiri kwamba na yeye namfundisha. Akaanza kukimbilia relini kila filimbi ikilia, akidhani ni chakula. Alhamisi moja alisimama katikati ya reli akitingisha mkia mbele ya injini. Nilimvuta kwa miguu ya nyuma, kidogo tufe wote wawili. Kamba aliikata, saa ya chakula niliibadili, haikusaidia. Shefu akasema akionekana tena relini atapigwa risasi.

Nikauliza kanisani. Alikuwepo Mwalimu Banza wa shule moja ya ndani kabisa, mwendo wa siku mbili kwa miguu, amekuja kuchukua chaki.

"Unipatie ile imbwa," akasema. "Nguruwe ya pori inamaliza mihogo yetu."

"Na treni, Mwalimu?"

"Treni wapi? Kwetu hata filimbi hatuisikiake. Ndio pale itaishi."

Wameondoka jana. Walikuwa bado barabarani filimbi ya saa kumi ilipolia. Mbwa akajirusha kurudi, Mwalimu akapiga magoti akamkumbatia mpaka filimbi ikanyamaza. Mimi nilikuwa nimesimama na kopo lake la chakula mkononi, nikakumbuka barua yako.

Yaya, nakuomba, mtoeni Mama hapo karibu na stesheni. Mpelekeni kijijini Katoto kwa mama mdogo, kule filimbi haifiki. Kila treni inamwinua kitandani bure, nami simo ndani. Mwambie anakwenda kupumzika tu. Nikipata karatasi nitashuka Bukama nije kwa miguu, anione tu nimesimama mlangoni. Usimwambie nakuja, asianze tena kungoja. Najua nakuomba jambo gumu, nisamehe.

Nisalimie shemeji, mume wako, na nyavu zake. Nisalimie mama mdogo, mwambie namletea mzigo mzito. Mchungaji aliyembatiza Mama naye asiache kupita kumwombea.

Na uji mpe kwa kidole, Yaya, tone kwa tone, hata akikataa. Siku ya tisa anaweza kusimama. Nimeona kwa macho yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Ilunga