Ni Sukari, Mama, Si Ule Ugonjwa

Tanga

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, mama. Tumsifu Yesu Kristo. Goti lako linaendeleaje na mvua hizi? Na usipa, dagaa wetu wa ziwani, mwaka huu wanapatikana? Sisi huku tu hai, mimi na Kanisius, na watoto wanakwenda shule.

Yule mfanyabiashara wa kahawa wa Mbuji alipita hapa kwetu akaniambia kwamba habari zangu zimefika Lituhi, na tangu uzisikie hulali. Anasema umeulizia hata nauli, uje unichukue nikafie nyumbani. Mama, maneno hayo yameniumiza. Naomba kaka Method akusomee barua hii mkiwa wawili tu, na aisome mpaka mwisho.

Ni kweli nimekonda. Ukiniona leo utasema ni mtu mwingine. Lakini si ule ugonjwa wanaousema. Ni sukari.

Ilianza na kiu. Nilikuwa nikikaanga vitumbua vyangu barazani na ndoo ya maji pembeni, naimaliza peke yangu, halafu kutwa nzima ni mimi na choo. Nguo zikaanza kunivuka. Hospitali wakachemsha mkojo wangu na dawa, ukageuka rangi ya tofali. Daktari akasema damu yangu imejaa sukari. Akanipa vidonge, akaniambia niache soda na chai ya sukari, ugali usizidi ngumi yangu, na sahani niijaze samaki na mboga za majani, maharage kidogo. "Ila usimeze vidonge ukashinda njaa," akasema, "utaanguka."

Nikafuata. Kiu ikapungua, lakini mwili haukurudi. Na mtaani kwetu, mwanamke akikonda halafu akakataa ugali, watu wanalo jina moja tu la kumpa, hata aseme ni sukari. Wateja wa vitumbua wakaanza kunikwepa. Wifi yangu Skolastika, aliyekuja kutoka Ukata kukaa nasi, akajitengea kikombe chake. Kanisius akaanza kulala akinipa mgongo. Tangu kiwanda chao kiuzwe wakampunguza kazini, anatembeza mitumba na kurudi hoi, nikadhani ni uchovu. Kisha akahamia chumba cha watoto.

Basi ukaja ubatizo wa mtoto wa jirani. Nilipoketi na wanawake wenzangu, macho yote yalikuwa kwenye sahani yangu. Mama, nilikula. Nilikula pilau nikaongezwa, nikala ndizi, nikanywa soda nikaomba nyingine. Nikamsikia mmoja akinong'ona, "Mbona anakula vizuri tu?" Nikafurahi kama mtoto. Kuanzia hapo nikawa nakula hivyohivyo nyumbani, ugali kama kichuguu, ili Skolastika aone.

Hata wiki haikuisha. Nikaanza kutapika, macho yakaingia ukungu, kiu ikarudi kuliko mwanzo. Nikaanguka jikoni. Aliyenibeba mpaka hospitali ni Kanisius.

Nilipopata fahamu nilimsikia akimwuliza muuguzi kwa sauti ya chini, "Sista, niambie ukweli. Si ule ugonjwa?"

Muuguzi akanitazama, nikaitikia kwa kichwa kumruhusu aseme.

"Ule alikubali tumpime alipokuja mara ya kwanza, hatukuukuta," akamjibu. "Mkeo ana sukari. Nani amemlisha hivi?"

Kanisius akanigeukia. "Imelda, ulikuwa unakula yote yale ili iweje?"

"Ili urudi chumbani," nikamwambia.

Akauinamisha uso wake kwenye shuka langu akalia, mama, mwanamume mzima, wagonjwa wengine wanatazama.

Amerudi chumbani. Akitoka kwenye mitumba hupitia sokoni kuninunulia mchicha, na dagaa akiwapata. Skolastika hajaniomba radhi, na kikombe chake bado kiko peke yake, ila siku hizi ananiuliza kabla ya kunipakulia.

Sitakudanganya kwamba nimetulia. Ukungu haujaondoka wote kwenye jicho la kushoto. Kidole cha mguu kina kidonda kidogo ambacho nakikagua kila asubuhi. Hospitali siku hizi tunachangia gharama, na vidonge mara vipo, mara havipo. Ugali wa muhogo naulilia kama mtu anayelilia nyumbani kwao, nao ndio uliotulea. Kwa hiyo, mama, ule unga uliotaka kunitumia, kuleni ninyi. Ukipata mtu wa kuaminika, nitumie usipa wakavu, na kisamvu kilichokaushwa.

Nisalimie kaka Method na wifi yangu mkewe. Msalimie baba mdogo, mwambie nyavu zake asimwazime mtu. Mpe pole shangazi kwa msiba wa mumewe, na yule katekista aliyetufundisha komunyo mwambie bado nasali.

Kanisius anataka tuje wote Krismasi, nami ninaogopa. Njia nzima ya kushuka Lituhi nitakuwa nikiwaza watu watakaokuja kuniangalia mifupa. Hao nitawavumilia. Ninayemwogopa ni wewe, mama. Ukiniona nashuka garini, usipige yowe, maana ukilia wewe wataamini. Njoo unipokee mzigo, kisha uniulize nimekula nini njiani.

Mwanao akupendaye,
Imelda