Sweta Katika Jua la Voi

Mama yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na wewe ndiye mtu pekee ambaye asingeniambia nipoe.

Unakumbuka siku nilipofukuzwa shule kwa kukosa sweta? Nilikuwa darasa la saba. Ulikuwa umeketi mkekani ukichambua pojo, saa nne asubuhi, jua tayari limeanza kuchoma. Hukunigombeza. Uliniuliza tu nimepita wapi. Nikakwambia nimepita kando ya ua wa ranchi, na kwamba kulikuwa na kinyesi cha ndovu kibichi njiani. Ukaziacha pojo zako, ukanishika mkono, tukarudi.

"Mwalimu, hapa kuna baridi?" ukamuuliza mwalimu mkuu.

"Mama, hiyo ni sheria ya sare."

"Sikuuliza sheria. Nimeuliza kama kuna baridi."

Alikuwa akijipangusa shingo kwa leso. Akatazama chini, kisha akaniambia niende darasani. Muhula ule habari za sweta zikaisha. Mimi nilikuonea haya, Mama. Niliona umenitia aibu mbele ya wenzangu. Leo ndiyo naelewa kwamba hata yule mwalimu alikuwa bado na akili ya kuona haya.

Wa sasa hawana. Mwezi uliopita Wakesho, mjukuu wako, binti wa kaka Mwadime, alifika shuleni bila sweta yake ya kijani ya sare kwa sababu ilikuwa imefuliwa na haijakauka. Yuko darasa la tatu, Mama. Wakamrudisha nyumbani peke yake. Njiani akakutana na ndovu jike na mtoto wake. Akakimbia, akatumbukia korongoni, akavunjika mfupa wa paja. Alilia humo mpaka alasiri, mchungaji mmoja aliyekuwa akitafuta ng'ombe wake alipomsikia.

Tukaitwa mkutano wa wazazi, nami nikafuatana na Mwadime. Nilidhani tunaitwa kuombwa msamaha. Mwalimu mkuu akafungua faili, akasoma: mwanafunzi aliondoka akiwa na ruhusa iliyotiwa sahihi, kwa hivyo shule haina kosa. Watu wakapiga makofi! Kisha mzazi mmoja, tai shingoni, akasimama: "Swali langu ni hili. Je, mtoto alipita njia rasmi?"

Wakabishana nusu saa nzima. Njia rasmi inaanzia wapi, inaishia wapi, nani aliipitisha. Watu wazima, waliosoma, waliozaliwa hapa hapa na wanaojua ndovu ni nini.

Nikashindwa kuvumilia, nikasimama. "Katika nyinyi nyote mlioketi hapa, nani amevaa sweta?"

Hakuna aliyekuwa nayo. Wengine walikuwa wakijipepea kwa madaftari.

"Dada, fuata ajenda," akasema mwenyekiti.

Unajua walipitisha nini, Mama? Kwamba kila mtoto awe na sweta mbili, ili jambo kama hili lisitokee tena. Mikono ikainuka. Na mkono wa Mwadime, baba wa mtoto, nao ukainuka.

Nilimfuata nje, nikamuuliza kama amerogwa. Hakuniangalia. "Nina wengine wawili pale," akasema. "Unataka wafukuzwe wote?"

Hapo ndipo niliposhikwa na hasira ambayo haijanitoka. Tunaambiwa mwaka elfu mbili unakuja na maarifa mapya, kompyuta na nini sijui. Nani atatufundisha upya kutazama jua na kusema ni jua? Hawa watu si wajinga. Wanaona vizuri kabisa. Wameamua tu kwamba kuonekana wanatii ni bora kuliko mtoto kufika nyumbani.

Jana nilikwenda hospitali kumwona Wakesho. Mguu umefungwa plasta hadi kiunoni. Daktari anasema atatembea, ila huenda akachechemea. Nilimpelekea machungwa, nikamchekesha kidogo. Kisha akaigusa ile plasta kwa kidole.

"Shangazi, hii ni nyeupe. Watanikubali nayo shule, ama ni lazima iwe ya kijani?"

Mama, hakuwa anatania. Alikuwa akingoja jibu.

Pumzika huko uliko. Mimi bado sijapumzika. Jumatatu naenda kwa yule mwalimu mkuu, hata kama nitakwenda peke yangu.

Mwanao, kitinda mimba wako.