Uso wa Bubu

Jumatano, Julai 1999. Manyunyu tangu alfajiri, na ofisi nzima inanuka karatasi mbichi.

Niliwaahidi wasomaji wa ukurasa huu wa mtandaoni, nyinyi watano au sita ninaowajua na wengine kama mpo, kwamba mwezi huu nitamchambua Bubu. Wenzangu wamekwenda kula, kompyuta iko huru, na ahadi ni ahadi. Mama yangu alifariki Alhamisi iliyopita. Nitamchambua Bubu hivyo hivyo.

Kwa asiyemjua, Bubu ni mpiganaji wa ile gemu ya ngumi tuliyoicheza mimi na ndugu yangu Twaha miaka ya mwanzo ya tisini, kwenye chumba cha mashine karibu na uwanja wa Tononoka. Jina lake la kweli limeandikwa kwa Kijapani na hakuna aliyeweza kulisoma. Wapiganaji wengine wakishinda hutamba na kucheka. Yeye hukunja mikono akakutazama tu, ndiyo tukamwita Bubu. Twaha hakuchagua mwingine hata siku moja, na mimi sikumshinda hata siku moja.

Twaha sasa yuko Dubai, anafunga viyoyozi kwenye majumba ya watu. Yeye ndiye aliyeninunulia sanamu hii ya Bubu, akaituma mwezi wa Mei kwa mkono wa jirani aliyekuwa akirudi. Si sanamu ya kuchezewa na watoto. Ni ya watu wazima wasio na akili kama mimi, wanaoziweka rafuni na kuzipangusa vumbi Ijumaa hadi Ijumaa.

Haya, tuanze na kasha. Kadibodi nzito, nyeusi, halina dirisha, kwa hivyo humwoni mtu wako mpaka umfungue. Juu yake Twaha ameandika jina langu kwa kalamu nene. Kasoro: utepe wa kufungia umekatwa na kubandikwa tena, tena umekaa upande. Nilipouona nikasema ni watu wa forodha. Nashinda na karatasi zao kila siku hapa, najua wanavyofungua vitu vya watu na kuvirudisha ovyo. Nikampunguzia alama mbili.

Mwili sina la kusema ila sifa. Urefu ni shibiri moja na kidogo, mzito mkononi, anasimama bila kibao. Magoti yanakunjika sawasawa na hayalii. Bega la kulia limelegea kidogo, ukimwinua mkono unashuka wenyewe polepole. Nguo ni kitambaa cha kweli kilichoshonwa, si plastiki iliyopakwa rangi, na aliyelikunja lile pindo alikuwa fundi. Ameletewa mikono ya akiba jozi mbili, ngumi na viganja. Kovu la kifuani liko upande wa kushoto, kama kwenye mashine, ambapo watengenezaji wengi wangelikosea. Mimi ni mtu wa kutafuta kasoro na hapo sikuipata.

Uso hakuna.

Namaanisha hivyo hivyo nilivyoandika. Pale palipotakiwa kuwa na macho, pua na mdomo pana bapa jeupe lenye mikwaruzo. Jana baada ya adhuhuri, nimekaa barazani na kasha mapajani, nilihamaki. Nilichukua daftari nikaandika ukurasa mzima wa kukitukana kiwanda. Nikaandika kwamba mtu anatoa jasho Uarabuni anunue kitu kizuri, halafu anauziwa takataka. Niliona nimeandika vizuri kweli.

Kisha nikaleta ile sanamu karibu na macho. Mikwaruzo yote ilikwenda upande mmoja. Ndani ya kola ya nguo palikuwa na unga mweupe wa plastiki. Kiwanda hakifanyi kazi hivyo. Hii ilikuwa kazi ya wembe, na ya mtu ambaye mkono wake ulikuwa ukitetemeka.

Sasa inabidi niseme yale ambayo sikutaka kuyasema hapa.

Mama alipooza upande wa kulia mwezi wa Februari. Tulimlaza chumba cha chini, nyumbani kwetu nyuma ya Ndia Kuu, kwa sababu ngazi zetu zimesimama kama ukuta. Mama mdogo, Bi Zuhura, dada yake wa tumbo moja, akahamia kwetu kumuuguza. Na jambo la kwanza Mama aliloomba, ulimi wake ukiwa mzito bado, ni kwamba sanamu zangu zitoke. Alikuwa na imani yake tangu tukiwa wadogo: nyumba yenye sanamu yenye uso, malaika wa rehema hawaingii. Alipokuwa mzima alinivumilia, akisema tu zikae juu kwangu na mlango nifunge. Sasa alikuwa akijiandaa, na hakutaka kitu kiwazuie mlangoni.

Nilizitoa. Kumi na moja, nikazifunga kwenye gazeti, nikampelekea rafiki yangu Katana, mtu wa Rabai anayefanya kazi bandarini. Yeye ni Mkristo na kwao hazina neno. Mama akaniuliza, "Umezitoa zote?" Nikamwambia zote. Siku hiyo ilikuwa kweli.

Bubu alikuja Mei. Ningeweza kumpeleka kwa Katana jioni ile ile. Sikumpeleka, na sina sababu ya kuwapa. Nilikuwa nimechoka. Tangu Februari nilikuwa nikitoka kazini naingia kumgeuza, kumlisha uji, kufua, kusikia amri za Mama mdogo, na nilitaka kitu kimoja tu ndani ya nyumba ile kiwe changu. Nilijiwekea ahadi kwamba sitamfungua mpaka Mama asimame. Nikajiona mtu mwema kwa hilo.

Chumbani kwangu Mama mdogo alikuwa akifagia kila asubuhi na kupekua. Kwa hivyo nilimficha pahali ambapo niliona hapana atakayepagusa: chumbani kwa Mama mwenyewe, ndani ya sanduku lake la njumu, lile la mbao lililopambwa kwa shaba, chini kabisa, chini ya leso zake. Mama hawezi kuinuka, nikasema, na leso mpya hazihitaji. Siku mbili tatu baadaye akaniuliza tena kama nyumba ni safi. Nikamwangalia usoni nikasema, "Ni safi, Mama."

Kwa hivyo mjue nilivyoishi tangu Alhamisi. Watu wanaingia kunipa mkono wa rambirambi, wanasoma, wanamuombea, na mimi nahesabu hatua kutoka kitanda chake mpaka sanduku. Ni nne. Nilikuwa nikijiuliza kama wale aliokuwa akiwangoja walifika mlangoni wakarudi. Sijui kama mimi mwenyewe naamini jambo hili. Yeye aliliamini, na mauti yalikuwa yake. Sikuthubutu kumuuliza maalimu, maana kuuliza ni kukiri.

Hitima ilisomwa Jumamosi. Jana asubuhi Mama mdogo alilifungua sanduku agawe zile leso sadaka. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Akatia mkono mpaka chini bila kutafuta, akatoa kasha, akanikabidhi. "Shika chako," akasema, na akaendelea kukunja leso. Nikashukuru Mungu kwamba mama huyu hana udaku, nikaenda zangu barazani kumchambua Bubu kwa ajili yenu.

Nilipouelewa ule wembe nilirudi ndani. Bi Zuhura alikuwa jikoni akichambua mchele. Nilimwonyesha ile sanamu.

"Ni mamako," akasema. "Alinambia nimtolee sanda yake niifukize udi. Akiiweka humo sandukuni tangu mwaka aliokufa babako, wewe hukujua? Nkaitafuta chini ya leso, nkakuta kibweta chako kimekaa juu yake."

Sikujua. Nilijua sanduku lile tangu nazaliwa na sikujua kwamba lilikuwa na sanda.

"Nkamwambia, dada, mwanao amekudanganya. Akanambia, lete nione. Nkalikata lile kasha nkamtolea. Alipoona kuna mkono wa Twaha juu, jina lako kaliandika yeye, akasema hiki hakitupwi, ni zawadi ya mwanangu kwa mwanangu. Nipa wembe."

Nilimuuliza kwa nini hakumfanyia kazi hiyo yeye mwenyewe.

"Nalitaka kumfanyia, akakataa. Mimi nkikishika, yeye akikwangua na ule mkono wa kushoto. Mato kwanza, kisha pua, kisha mdomo. Tangu adhuhuri hata wakaadhini alasiri. Uso ukiondoka hapana makosa tena, ni kama kijiti. Nyumba ilikuwa safi, mwanangu. Alikwenda kwa wepesi, mimi nalikuwapo. Usijitese kwa hilo."

Nililia pale jikoni, na nitasema kweli, nililia kwa raha. Siku tano zilinitoka mabegani kwa pamoja. Kama ningenyamaza hapo ningekuwa mtu mwingine leo.

Lakini nilikuwa na swali moja zaidi. Kwa nini hawakuniambia?

Alitia mkono kwenye mchele, akatoa kijiwe, akakitazama. "Nalitaka kukwambia siku ile ile. Akanambia, kirudishe ulipokikuta. Atanambia mwenyewe. Asije akaniaga na uongo baina yetu. Basi tukangoja."

"Mlingoja siku ngapi?"

"Zilikuwa siku tisa."

Nimezirudia zile siku tisa usiku kucha, moja moja, na sikumbuki kitu. Nilimgeuza, nilimlisha, nilimfunga vifungo. Nilimsomea barua ya Twaha. Kila nilipoingia aliniangalia muda mrefu, nami nikadhani ni ugonjwa unaomfanya akodoe macho. Nilimwambia Mama mdogo, mbele yake, kwamba akili za Mama zimeanza kupotea.

Sasa uchambuzi wangu wa Bubu ni huu: sitampa alama. Hatakwenda kwa Katana, atakaa nyumbani, maana ana ruhusa.

Na sasa nasema nawe, Twaha. Najua unausoma ukurasa huu ukitoka kazini. Juzi uliniuliza kwenye simu Mama alisema nini mwisho, nikakwambia alitamka shahada, na ni kweli alitamka, Bi Zuhura alimsikia, mimi nikiwa kazini. Ukanishika zaidi, ukataka kujua yeye na mimi tuliagana vipi. Nikakwambia tuliagana vizuri, alinishika mkono akaniombea dua. Hukumbuki kwamba nilikohoa hapo? Dua hakunipa. Niliitunga kwa sababu ulikuwa unalia na uko mbali.

Kwa mdomo siwezi, kwa hivyo nakuandikia, na wakisoma wengine na wasome.

Alhamisi nilikuja nyumbani saa sita na nusu. Nilimpa maji kwa kijiko. Alinishika mkono, hilo lilikuwa kweli, kwa ule mkono wa kushoto, na kidole chake cha shahada kilikuwa na mkato wa wembe unaopona. Niliuona. Nikafikiri Mama mdogo amemkata kucha vibaya. Akasema, taratibu, neno kwa neno ili nimwelewe, "Mwanangu, huna neno la kunambia?"

Nikaangalia saa ya ukutani. Nikauchomoa mkono wangu.

"Sina, Mama," nikamwambia. "Nachelewa kazini."