Picha za Mvua Kutoka Gijón

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituo cha polisi, Lubumbashi, Alhamisi tarehe 5 Februari 2026, saa 14:10.

Jina: Rigobert Kabange Ngoy. Umri: miaka 72. Kazi: mwalimu mstaafu wa jiografia. Makazi: mtaa wa Bel-Air.

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba Hispania yote ni jua. Nimelisahihisha darasani miaka thelathini na minne. Leo nalisahihisha polisi, kwa sababu mwanangu Fils amefungwa tangu jana na arusi yake ni keshokutwa.

Fils ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Anaunga vyuma katika komuni ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Anamwoa Dorcelle, ambaye alilelewa na dada yake, Marie-Thérèse, anayetunza wazee katika mji wa Gijón, kaskazini mwa Hispania. Katika familia zetu, dada aliyelea hupewa kitenge chake mkononi kabla ya arusi, mzee wa upande wa bwana arusi akiona. Hakitumwi kupitia mtu mwingine. Ndiyo maana tulisafiri wawili, na tulisafiri Januari kwa kuwa Marie-Thérèse alipata likizo siku hizo tu.

Mnamo tarehe 13 Januari 2026, saa 15:20, tulifika Gijón. Mvua ilikuwa inanyesha. Si mvua kama yetu, inayomwagika na kwisha. Ile ni nyembamba, ya baridi, ya kutwa nzima. Hotelini tulikuwa wageni wanne. Tukatafuta chakula, tukaambiwa jiko litafunguliwa saa 20:30. Fils akaniuliza, "Papa, hii muji banaifungaka na funguo?" Kesho yake, saa 8:40 asubuhi, kulikuwa bado giza. Ufukoni alikuwapo mtu mmoja na mbwa wake. Hayo yote ni ya kawaida kule wakati wa baridi, watalii wakiwa wameondoka.

Saa 11:00 Marie-Thérèse alitukuta ufukoni. Alipokea kitenge kwa mikono miwili, akakinusa kwa muda mrefu. Akasema, "Inanukia kwetu." Fils akapiga picha.

Mnamo tarehe 3 Februari, saa 17:00, Fils alizionyesha picha hizo nyumbani kwa Vital, mjomba wa kina Dorcelle, mfanyabiashara wa jumla. Vital alicheka kwanza.

"Espagne kuko jua, mutoto. Hii ni mvua ya kwetu, ya Kasomeno!"

"Tonton, angalia bahari."

"Bahari bila bantu? Na huyu ni nani? Minaona pua tu. Hata miye niko na pua!"

Ni kweli, Marie-Thérèse alikuwa amevaa kofia, skafu na koti zito. Nilimwonyesha Vital muhuri katika pasipoti. Akasema, "Mihuri banachonga." Nilichora ramani ya Ulaya juu ya meza yake. Akasema, "Mwalimu, hapa hatuko mu masomo." Kesho yake akamshitaki Fils kwamba ameuza kitenge na kujificha wiki mbili. Dorcelle anamwamini Fils, lakini hakuna aliyemuuliza.

Mimi ni mtu wa kuvumilia. Lakini Vital amempigia Marie-Thérèse mara sita, zote asubuhi, kwa simu ya duka ambayo jioni hufungiwa dukani. Akiwa zamu, Marie-Thérèse huweka simu kabatini mpaka saa 15:00 ya kwao, yaani saa 16:00 ya hapa. Nimeeleza hili mara tatu. Jana nilimpata mimi, Vital akakataa kuja kusikiliza.

Niliyosema ndiyo niliyoyaona. Nikiulizwa tena nitayarudia, ila nisingependa.

Sahihi: R. Kabange Ngoy

Maandishi ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya, amenisahihisha jina la Gijón mara mbili. Saa 16:04 nilipiga simu Gijón kwa spika, mbele ya mlalamikaji, Vital. Nilipomweleza kisa, mwanamke aliyepokea alisema kitenge anacho, akaongeza, "Tonton Vital, munafunga mutoto wa bantu juu ya mvua?" Mlalamikaji aliitambua sauti, akaomba kiti.

Kwa walio zamu: mtoeni Fils leo.

Martine Mujinga, afisa wa upelelezi