Mrefu wa Tatu

Chang'ombe, Dodoma
Jumatano, baada ya Alasiri

Kaka yangu Mbwana,

Assalaam alaykum, na shikamoo nyingi kutoka kwa mdogo wako. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wifi Munira mgongo umemwachia, na alizeti mmeshaivuna kabla ndege hawajaimaliza. Sisi huku, alhamdulillahi, hatujambo. Vumbi la mwezi huu linaingia mpaka kwenye cherehani, lakini sare za shule za kushona zimenijaa, sina cha kulalamika.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Kaka, wewe ukianza kucheka kwenye simu hakuna anayemaliza jambo lake, na hili nataka nilimalize.

Mwanao Mudrick, huyo aliyekukabidhi karatasi hii, anahama timu. Anatoka kwetu Chang'ombe anakwenda Nzuguni, na mimi kama mwenyekiti nimeridhia kwa moyo mmoja. Najua watu huko Kolo watauliza mwanamke wa cherehani anajua nini kuhusu mpira wa kikapu. Waambie nimekaa pembeni ya uwanja ule miaka kumi na moja, nimeshona jezi zote, na macho ninayo.

Timu yetu ina warefu watatu. Yupo Yotham wa Mvumi, ukuta mtupu. Akisimama chini ya kikapu hakuna anayepita. Yupo Bartolomayo, ambaye hana mbio lakini mkono wake haukosi. Wa tatu ndiye Mudrick. Timu nyingine zinatuonea wivu, lakini wanaocheza ni watano tu, na kocha hawezi kuweka warefu watatu kwa pamoja. Halafu hatuna mtu wa kuwaletea mpira. Wanakaa pale chini ya kikapu kama wageni waliokwisha nawa mikono, kumbe jikoni hakuna mpishi. Nzuguni wao wana kijana mfupi, Uwesu, mwepesi huyo, mpira unamfuata kama mbuzi anayefuata chumvi. Ila hawana mrefu hata mmoja.

Basi Jumapili wakaja kuposa. Sikutanii, kaka, walikuja hivyohivyo kama posa: watu wanne, kanzu na makoti, mbele yao mshenga mzee Hamidu. Akasema wameona katika nyumba yetu mna maua matatu, nao wanaomba moja, lolote. Katibu wetu Anyesi, unamjua mdomo wake, akamrukia palepale kwamba hakuna anayeposa binti yeyote tu kama anayechagua nyanya, wataje jina. Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Hamidu akajibu kuwa wao wana njaa, na mwenye njaa hachagui pande la nyama. Mahari wakamtaja Uwesu.

Tukawaacha na chai, tukatoka nje kushauriana. Kocha wetu Joshua akataka atoke Yotham, kwa kuwa ana miaka ishirini na tisa na goti linamsumbua. Anyesi akasema heri Bartolomayo, maana anapenda kugombana na waamuzi. Mudrick hakuna aliyemtaja. Waliniheshimu kama shangazi yake. Ndipo nikawaambia aende Mudrick. Nikawaeleza kuwa Yotham na goti lake bado anatufaa misimu miwili, na mkono wa Bartolomayo hatutaupata kwingine. Mudrick ana miaka ishirini, msimu mzima amekaa benchi akiwashikia wenzake taulo. Nzuguni atacheza tangu filimbi ya kwanza, na wanaochagua timu ya mkoa humchukua yule waliyemwona anacheza. Joshua akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia ninayo. Ninayo hadi leo. Tukarudi ndani, tukapeana mikono, tukapiga Fatiha na Wakristo wakaomba kwa namna yao. Mudrick alipoitwa na kuambiwa, kaka, alinikumbatia hadi akaninyanyua, mimi na kilo zangu zote.

Sasa nifike kwenye lililonishikisha kalamu.

Ile haikuwa posa ya kwanza. Mwaka jana, wiki moja baada ya Idi, kocha wao William alikuja peke yake kwenye kibanda changu cha ushonaji, akamwomba Mudrick kwa jina. Nilimwambia kijana mwenyewe hataki. Kijana hakuwa na habari. Sikumwambia yeye, wala kamati, wala wewe. Siyo kwamba timu ilimhitaji. Hata wakati ule mtu wa kuona alijua tuna mrefu mmoja wa ziada. Tangu Ikram wangu aolewe Singida, nyumba hii ilikuwa imepoa, na kijana wako anapoinama mlangoni akiingia na kunisalimu, najisikia nina familia. Nilihofu akienda Nzuguni atahamia hukohuko. Basi nikamfungia benchi mwaka mzima. Mwezi wa sita walipochagua vijana wa mkoa, Mudrick alikaa sebuleni siku mbili haongei, nami nikampikia wali wa nazi nikamwambia hiyo ni mipango ya Mungu. Nilimsingizia Mungu jambo nililolifanya kwa mikono yangu. Hilo nimelitubu, na bado linanichoma.

Jumapili, wakati wa kuagana, William alinitazama akasema safari hii anatumaini kijana atakubali. Hakuongeza neno, ana adabu zake. Lakini Mudrick alisikia. Njiani akaniuliza, shangazi, safari hii maana yake nini? Nikamjibu kwamba William huchanganya mambo. Uongo juu ya uongo, kaka, na mimi nimetoka kuswali Magharibi.

Kwa hiyo nakuomba moja tu. Ukimaliza kusoma, mpe Mudrick naye asome. Usimpunguzie, usinitetee. Nilitaka kumwambia ana kwa ana, kila nikifungua mdomo nauliza kama amekula.

Atakaa kwenu siku nne, kisha anaanza mazoezi. Basi la kutoka huko linamshusha stendi kuu, na stendi iko hukohuko Nzuguni. Halazimiki kupita kwangu. Wenzake wapya wameshampatia chumba. Mimi sitampigia kumuuliza anakuja lini wala atafikia wapi. Kitanda chake nimekitandika, na nikiwa na swali lolote kwake, litasubiri aje mwenyewe.

Mwambie Munira nimemtumia khanga mbili kwenye begi la kijana. Wape wote salamu zangu, wakubwa na wadogo, na majirani wanaonikumbuka. Mola akulinde, uniombee.

Ni mimi mdogo wako,
Mwajabu