Mtoto Wetu Hatatetea Kaburi Lako

Amekataa, Baba Kamau. Kamau wetu amekataa kusimama katika kesi ya shamba ulikolala.

Nisamehe, hata sijakusalimu. Mimi ni mzima wa mwili tu. Tangu ulipotuacha, serikali inakusanya vishamba vya kila mtu na kuviunganisha. Sasa ndugu yako Mbugua anadai kile cha kule Theta, chenye kaburi lako. Ati ni chake, wewe ulilima kwa hisani. Akipewa atapanda kahawa, na kahawa haizunguki mfu.

Mwanzoni sikuogopa. Niogope nini, mama wa wakili? Ulikufa angali Ulaya, hukumwona alivyorudi na suti nyeusi, watu wa Thika wakatoka madukani kumtazama. Angeweza kufungua ofisi yake Nairobi atajirike, lakini alichagua kazi ya serikali, kuwafundisha sheria wazee wa mahakama zetu. Watu wenye mvi wanakaa kwenye madawati wanamwita mwalimu, yeye niliyemzaa kwenye mahindi! Basi nikawaambia wanawake sokoni: watakaosikiliza kesi yangu ni wanafunzi wa mwanangu, nani atanisogezea mpaka?

Jumapili alikuja, nikamchinjia jogoo. Nikamwomba apite tu kwa mkubwa wao, aseme neno moja. Akarudisha paja la kuku kwenye sahani.

"Mama, nimewafundisha mwenyewe kwamba mzee wa mahakama hasikilizi mtu pembeni. Nikienda, hiyo si kesi tena, ni amri."

Nikamwambia basi awe shahidi. Akasema ulipopewa shamba yeye hakuwa amezaliwa, hawezi kuapa kwa asichokiona. Nililia. Naye alilia, lakini hakuenda. Na katikati ya machozi, Baba Kamau, moyo wangu ulisema: tazama mtu tuliyemzaa.

Mbugua amesikia. Juzi alinisimamisha njiani mbele ya watu. "Shemeji, kumbe ulizaa wakili wa kila mtu ila mamake." Mimi, unayenijua kwa mdomo, niliinamisha kichwa nikapita.

Nani atanisemea? Waliokuonyesha mpaka wamekufa wote. Unakumbuka tulivyopanda yale maua ya mpaka, matooka? Wewe ukichimba, mimi nikishindilia udongo kwa kisigino, nawe ukisema, "Shindilia, mama, huyu ni shahidi asiyekufa." Nimekwenda kutazama. Nimekuta mashimo, yameng'olewa yote. Hata laana ya kung'oa mpaka haiogopwi siku hizi.

Basi nitasema mwenyewe, na elimu yangu hii ya darasa la pili. Sijui nitaanzia wapi. Usiku maneno yanakuja, asubuhi yamekimbia. Lakini nakuahidi, sitanyamaza mpaka waninyamazishe, na wakinishinda, watanikuta nimekaa juu yako na jembe langu, waje waning'oe na mimi.

Kwaheri, mume wangu. Kamau atakuwepo, atakaa nyuma kabisa, amefunga mdomo. Wazee, Mbugua na wanawe, kijiji kizima, wote wanakuja hapo ulipolala Alhamisi, umande ukikauka.

Mimi mkeo,
Mama Kamau